Tusiwakalishe Wazee Wetu

Vipo vitenzi vitatu ambavyo havikosi kusikika katika nyumba yoyote yenye mzee: kukalisha, kulaza na kupumzisha. Mwanafunzi yeyote wa sarufi atavitambua mara moja kuwa vimo katika kauli ya kutendesha, yaani ile kauli ambayo kwayo mtu mmoja humfanya mwingine atende jambo au awe katika hali fulani. Mkalishe babu hapo juani. Mlaze nyanya, amechoka. Mpumzishe mzee, asijisumbue. Katika sentensi hizi zote mzee ni yambwa. Watendaji ni sisi watoto na wajukuu wake. Na kila azitamkaye huzitamka kwa mapenzi na kwa adabu njema, akiamini kwamba anatimiza wajibu aliofunzwa tangu utotoni: mkubwa hainuki kujitekea maji ilhali wadogo wapo.

Nathubutu kusema kwamba adabu hiyo, pamoja na uzuri wake wote, inawalemaza wazee wetu. Mzee aliyezuiwa kuinuka leo kwa sababu ya heshima hushindwa kuinuka kesho kwa sababu ya udhaifu, na kesho kutwa tunaulaumu umri. Iko tiba ambayo kazi yake yote ni kumrudisha mzee mahali pa kiima, asimame badala ya kusimamishwa, atembee badala ya kutembezwa. Tiba hiyo tunayo nchini, ina wataalamu wake na ina sheria yake. Lakini wazee wengi hawaijui, na wengi katika hao wachache waijuao hawaielewi.

Natuanze na jina lenyewe. Hospitalini huitwa fiziotherapia, na watu wamelikata neno hilo likawa fizio tu. Wengine husema tiba ya viungo. Jina hili la pili ni zuri, ila lina utata wake. Kiungo kimetokana na kitenzi kuunga. Ndiyo maana goti ni kiungo na nyonga ni kiungo, hata bizari ni kiungo cha mchuzi na mchezaji wa katikati ni kiungo wa timu. Msikiaji hudhani basi kwamba tiba hii inahusu maungio ya mifupa peke yake, hali sehemu kubwa ya kazi yake imo katika misuli, katika mizani ya mwili, katika pumzi, na hata katika ubongo.

Isitoshe, watu wengi huichanganya na kukandwa. Mzee anayeambiwa aende fizio hujitayarisha kuchuliwa kwa mafuta na kurejea nyumbani akiwa amepata nafuu. Anapoambiwa ainuke kitini mara kumi bila ya kushika popote, huona amedhulumiwa nauli yake. Tusimcheke. Tiba yenyewe ilizaliwa katika ukandaji: wauguzi wanne wa kike walianzisha chama cha wakandaji mjini London mwaka 1894, na ilikuwa mwaka 1944 chama hicho kilipotwaa jina la fiziotherapia kilicho nalo hadi leo. Kukanda kuna nafasi yake, maana hutuliza maumivu na kulegeza penye ukavu. Lakini msuli haupati nguvu kwa kukandwa. Hupata nguvu kwa kufanya kazi, na kazi hiyo hakuna awezaye kumfanyia mwenziwe.

Hebu tuangalie jinsi mwili unavyokwenda. Baada ya umri wa miaka 50 hivi, misuli ya binadamu hupungua kwa takriban asilimia 1 au 2 kila mwaka, na nguvu hupungua kwa kasi zaidi ya hapo. Hilo ni la umri, nasi hatuna la kufanya ila kulipunguza kasi. Lakini yako mengine tunayoyasingizia umri. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na ugonjwa wowote, walilala tu. Katika siku hizo 10 kila mmoja alipoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Sasa fikiria, msomaji, mzee aliyelazwa wiki tatu kwa nimonia, kisha akarudishwa nyumbani na kulazwa tena mwezi mzima ili apate nguvu! Nguvu tunayoingojea imekwenda na kitanda kile kile.

Jambo hili lilifahamika zamani. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke wa Uingereza, Marjory Warren, alikabidhiwa jengo la maskini na wagonjwa wa kudumu lililokuwa limeunganishwa na hospitali yake ya West Middlesex, lenye vitanda 714. Humo alikuta wazee waliokuwa kitandani kwa miaka, wengine bila ya kupimwa ipasavyo ili ijulikane wana ugonjwa gani. Aliwachunguza mmoja mmoja. Wengi walikuwa wamelazwa kwa sababu tu siku moja waliwahi kulazwa na hakutokea mtu wa kuwaamsha. Akapaka kuta rangi, akatafuta viti na vyombo vya kushikilia, akawaleta watu wa kuwafanyisha mazoezi, na wengi wa wazee waliokuwa wakingoja kifo wakatoka na kurudi makwao. Tawi zima la utabibu wa wazee nchini Uingereza lilikua kutokana na kazi ile. Miaka 12 baadaye, mwaka 1947, daktari mwenzake wa London, Richard Asher, aliandika makala mashuhuri ya kuwaonya madaktari juu ya hatari za kitanda. Kwetu sisi kitanda bado ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa.

Je, mtu wa miaka 90 aweza kupata nguvu mpya, au ni kumtesa bure? Swali hili lilijibiwa mwaka 1990 mjini Boston. Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, dhaifu, wenye wastani wa umri wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu muda wa wiki nane. Uzito wenyewe haukuwa wa kubembeleza. Ulikuwa mzito kwa kadiri ya kila mmoja, ukiongezwa kila alipouzoea. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174, yaani nguvu ilikaribia kuwa mara tatu ya ile ya mwanzo. Wawili waliacha mikongojo yao. Hao ni watu ambao katika nyumba zetu tungewakataza kuinua hata birika la chai.

Nasi Wakenya tulikwisha kuona mfano unaofanana na huu, ila haukuhusu misuli. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha katika darasa la kwanza mjini Eldoret, na ulimwengu mzima ukamshangilia. Tulikubali siku hiyo kwamba akili ya mzee hufundishika. Sijui kwa nini tunaona vigumu kukubali kwamba goti la mzee nalo hufundishika.

Ushahidi unaonipendeza zaidi, hata hivyo, umetoka New Zealand, kwa kuwa haukuhitaji mashine wala nyumba maalumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, wakiongozwa na John Campbell, waliwapata wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Nusu yao walitembelewa mara nne na mtaalamu wa fiziotherapia katika miezi miwili ya kwanza. Aliwaonyesha mazoezi ya kutia nguvu miguu, kwa kufunga uzito mdogo kifundoni, na mazoezi ya kusimama wima bila ya kuyumba; kisha akawaambia wafanye hivyo angalau mara tatu kwa wiki, na siku nyingine watembee nje. Nusu ya pili walitembelewa na kuongea tu. Kwa mwaka mmoja wale wa mazungumzo walianguka mara 152, na wale wa mazoezi mara 88. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na mpango wa Otago umeigwa katika nchi nyingi tangu wakati huo.

Asije mtu akadhani kuanguka ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa wamepita miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi ndio mwanzo wa safari ambayo familia huisimulia matangani: alianguka msalani, akalazwa, akapata vidonda vya mgongoni, kifua kikajaa, akatuacha. Katika masimulizi hayo msala ndio hulaumiwa. Miguu iliyokuwa imekalishwa miaka mitano kabla ya siku hiyo haitajwi.

Kuna watakaonijibu kwamba mzee wa Kiafrika hahitaji mafunzo haya, kwani yeye hulima, hufuata mbuzi na hupanda milima mpaka siku ya mwisho. Hoja hiyo ina ukweli, nami naiheshimu. Bibi wa miaka 75 anayechimba viazi Nyandarua au anayepanda na kushuka vilima vya Taita ana miguu ambayo wengi wetu tuliokaa maofisini hatuna. Lakini tazama yanayomfika mwanawe anapopata uwezo. Humhamishia mjini, katika nyumba ya ghorofa ya tatu, akamketisha kwenye kochi laini linalomeza nyonga, mbele ya televisheni, na msichana wa kazi akaagizwa amletee kila kitu pale pale alipo. Mwaka mmoja baadaye bibi hawezi kushuka ngazi. Tunasema mji umemzeesha. Na walimu wenzangu nanyi mjiangalie: mwalimu husimama mbele ya darasa miaka 35, kisha anapotimiza 60, umri ule ule ambao Katiba yetu huanza kumhesabu mtu miongoni mwa wazee wa jamii, huenda nyumbani akaketi.

Hali ya nchi yenyewe nitaipitia kwa ufupi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 hivi wenye miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Bunge lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia mwaka 2014, ikaunda baraza la kuwasajili na kuwasimamia. Kwa hiyo mtu hawezi kusema hatuna msingi. Tatizo ni kwamba wataalamu hao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za kaunti na za kaunti ndogo, huku wazee wakiwa vijijini, karibu na zahanati isiyo na mtaalamu huyo. Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii hawezi kulipa bodaboda na matatu mara mbili kwa wiki ili akainuliwe mguu. Mpango wa Otago unatufaa kwa sababu hiyo hasa: mtaalamu huja au huonwa mara chache, na kazi iliyobaki hufanywa nyumbani.

Lakini ili kazi ifanyike nyumbani, maagizo sharti yaeleweke nyumbani, na hapa ndipo taaluma yangu inaponilazimu kusema. Shangazi yangu, mwenye miaka 78, alivunjika nyonga akafanyiwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa alipewa karatasi ya mazoezi, safi, iliyopigwa chapa, yenye picha ndogo zilizofifia, na yote kwa Kiingereza. Shangazi hajui Kiingereza. Msomaji wa nyumba alikuwa mjukuu wake wa kidato cha pili, naye akatafsiri kwa uaminifu kile alichokiona: Nyanya, hapa wanasema ufanye daraja, seti tatu. Shangazi akauliza daraja la mto gani. Wakacheka wote wawili, karatasi ikawekwa ndani ya Biblia, na kwa wiki sita hakuna zoezi lililofanywa. Alikaa.

Zoezi lenyewe ni rahisi mno, na Kiswahili chake ni chepesi kuliko Kiingereza chake. Lala chali. Kunja magoti, nyayo zikanyage kitanda. Inua kiuno, hesabu hadi tano, kishushe polepole. Fanya hivyo mara kumi, upumzike. Rudia kwa mikupuo mitatu. Hakuna neno hata moja hapo ambalo shangazi hakulijua kabla ya kuzaliwa kwangu. Nasema mikupuo kwa makusudi, kwani tunalo neno letu, nalo lafaa kuliko seti, ambayo kwa wengi ni ya mchezo wa voliboli.

Tena tusidhani kwamba kutafsiri ni kutafuta neno la fahari kwa kila neno la daktari. Niliwahi kuona tafsiri moja ya maagizo ya hospitali iliyojaa istilahi ndefu kiasi kwamba mimi mwenye kazi hiyo nilihitaji kuirudia mara mbili. Mzee hahitaji jina la msuli wa paja. Anahitaji kitenzi, tena katika hali ya kuamuru yenye adabu: simama, shika, inua, shusha, hesabu. Kwa wale ambao Kiswahili pia hawakimudu, maagizo yawe kwa Kikamba, Kidholuo, Kigiriama, Kipokoti au lugha yoyote waliyonyonya nayo. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kimeiagiza serikali iendeleze lugha za jamii zetu. Karatasi ya mazoezi ya nyanya ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko hotuba za sherehe.

Kazi hii yaweza kugawanywa bila ya kungoja bajeti kubwa. Idara za Kiswahili vyuoni zina wanafunzi wanaotafuta mada za miradi ya tafsiri kila mwaka. Wawekwe pamoja na wanafunzi wa fiziotherapia wa Chuo cha Mafunzo ya Matibabu na wa vyuo vikuu, kisha wajaribu karatasi zao mbele ya wazee wenyewe kabla ya kuzipiga chapa. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mwaka 2023 serikali iliwatuma takriban 100,000 vijijini wakiwa na mifuko ya vifaa, wafunzwe mazoezi matano au sita na dalili za hatari zinazomtaka mzee apelekwe kwa daktari. Nanyi walimu, mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kuihudumia jamii yake. Mpeni kazi ya kumpima babu yake. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu tangu mwaka 1991 chahitaji kiti, saa na mita tatu za sakafu: mzee ainuke, aende mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Akizidi sekunde 12 hivi, yumo katika hatari ya kuanguka na apelekwe kwa mtaalamu. Hilo ni somo la hesabu, la sayansi na la utu katika dakika moja.

Mambo mawili ya tahadhari. Mzee mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi inayokatika au aliyevunjika mfupa karibuni asianzishwe mazoezi na mjukuu. Amwone mtaalamu kwanza. Na aliyepatwa na kiharusi apelekwe mapema, asingojewe apate nguvu kwanza, kwa maana ubongo hujifunza upya kwa kutumiwa. Iko njia iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, ambapo mkono mzima huvishwa glavu kwa muda mwingi wa mchana ili mkono uliopooza ulazimike kufanya kazi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba manufaa yake yalidumu mwaka mzima. Nyumbani kwetu, mgonjwa huyo angelishwa kwa kijiko.

Kwa mzee mwingine yeyote ambaye bado anajiweza, kiti cha mezani chatosha kuanzia. Kisiwe na magurudumu, kiegemezwe ukutani, na urefu wake uwe wa kufanya nyayo zikanyage chini sawasawa. Aketi mbele kidogo ya kiti, miguu ivutwe nyuma, mikono ikunjwe kifuani akiweza, kisha ainuke mpaka magoti yanyoke, aketi tena bila ya kujitupa. Mara tano siku ya kwanza zatosha. Mjukuu asimame kando, mkono wake uwe karibu, asimguse mpaka aombwe.